Rili ya Gelle

Jumatatu, 10 Oktoba 1966. Garissa.

Daftari hili nimelichukua ofisini bila ruhusa, nikakata jalada ili muhuri wa serikali usionekane. Haya, kosa la kwanza hilo, nimelisema. Mimi ni Murithi, karani wa ofisi ya mifugo, mwaka wa pili sasa katika joto hili, na leo nimepata barua ya uhamisho: kuanzia Januari nitakuwa Lamu. Lamu! Nimeisoma mara nne. Gacheri, mke wangu, alinikuta nimekaa sakafuni akadhani kuna msiba.

Furaha yangu si cheo, ni samaki. Kabla ya kuja huku nilikaa Mombasa miaka mitatu, na mzee mmoja wa forodha alinitia ugonjwa huu. Kila Jumapili alinichukua kwenda kuvua maji makuu, nje kabisa ya mwamba, mahali ambapo mshipi unateremka mpaka unaona kama hauna mwisho. Yeye alikuwa na rili, ile mashine ya kukunjia mshipi inayofungwa kwenye ufito. Mimi nilikuwa na viganja vyangu. Kovu ninalo hadi leo, la siku ambayo kolekole mmoja alinipitishia mshipi mkononi hadi mfupa ukaonekana. Nikaapa sitarudi kule bila rili.

Mpya ni zaidi ya mia tatu, hiyo ni ndoto. Nitatafuta iliyotumika. Mwisho wangu ni shilingi mia moja, na Gacheri asijue. Kwetu Meru samaki si chakula cha mtu. Mama akisikia nimekula hutema mate, halafu ananiuliza kama nimenawa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mzungu mmoja wa kampuni ya barabara anaondoka, anauza vitu vyake barazani. Rili yake ni nzuri kweli, inazunguka kimya. Anataka mia na themanini. Nikaigeuzageuza kama mjuzi, na mjuzi ndiye mimi. Inabeba yadi mia tu za mshipi. Hiyo ni ya mtoni, ya kuchezea. Maji makuu yatameza mshipi wote kabla ndoana haijafika chini. Nikamrudishia. Alishangaa karani Mwafrika kuikataa rili yake, nami nikaondoka kifua mbele.

Jumamosi, 15 Oktoba

Fundi wa baiskeli anayo moja, thelathini na tano. Niliiweka sikioni nikazungusha: inasaga mawe. Chini ya mkono wa kuzungushia kuna unga mweupe, yaani chumvi imeshaila kwa ndani. Breki imekufa, ukivuta mshipi haishiki na haiachi. Fundi akasema ataitia grisi. Nikamwambia aifunge kwenye baiskeli.

Jumatatu, 17 Oktoba

Jua. Mbuzi mia mbili wamehesabiwa. Hakuna rili.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimeipata!

Nyuma ya soko la mifugo, upande wa majengo ya Wasomali, kuna mkahawa wa chai nyumbani kwa Msomali mmoja aitwaye Gelle, mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, ana jicho moja linalotoa machozi. Alikuwa mchochea makaa katika meli za Adeni miaka kumi na saba. Mkewe Rukiyo ndiye anayetuletea maziwa ya ngamia kila asubuhi, na ndiye aliyeniambia, kwa aibu kidogo, kwamba mumewe anakula samaki wa mkebe mchana kweupe na majirani wanaziba pua.

"Hata wewe, karani?" Gelle aliniuliza niliponong'ona shida yangu. "Wallahi? Hata kwenu nacheka mtu ya samaki?"

"Wanatema mate."

Alicheka mpaka jicho likabubujika. Watu wa kwetu na watu wa kwao siku hizi, tangu uasi uanze mkoani humu, hawapatani kwa lolote, lakini kwa hili la kumcheka mla samaki wamekubaliana, na sisi wawili ndio tunaochekwa.

Akaingia ndani akatoka na soksi nene ya sufi. Ndani yake, rili! Nyeusi, kubwa kama kopo la maziwa ya unga, yenye pete za shaba. Alipewa na fundi wa meli aliyekuwa amelazwa Adeni, na Gelle ndiye aliyemuuguza. Haina mshipi wa nailoni, ina waya mwembamba wa chuma, yadi mia tatu, ule wanaotumia kwenye kina kirefu kwa sababu unazama wenyewe. Niliibonyeza kwa kidole gumba: haichezi hata kidogo. Niliifungua ubavuni kwa kisu: meno yote yapo, grisi safi. Ina kidude cha mlio pembeni, ukikiwasha samaki akivuta inalia trrr. Ilipolia moyo wangu ulirudi Mombasa.

"Ngapi?"

"Tisini."

"Sitini," nikasema hapo hapo, hata sikupumua. Ni tabia yangu. Mia ninayo.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimerudi kwa Gelle. Ofisini tumepewa waraka: mfanyakazi yeyote wa serikali asionekane upande wa majengo ya Wasomali baada ya saa kumi jioni, kwa ajili ya usalama, na atakayeonekana atajieleza. Kafyu ni saa kumi na mbili. Nilitoka kwake saa kumi na moja na nusu.

Alinifundisha breki. Alishika waya akajifanya samaki, mimi nikashika rili. "Bole bole, karani! Samaki ikifuta, wewe acha. Samaki ikichoka, wewe futa. Wewe nataka kushinda haraka, utakata waya." Ndivyo polepole na vuta zinavyotoka kinywani mwake. Bei haikushuka. Nilipanda hadi sitini na mbili.

Jumanne, 25 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi kila mahali, hata ndani ya taipu.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimegombana na Gelle, na kosa ni lake. Au ni langu? Mara ya tatu naenda, na yeye bado tisini, tisini. Nikapandisha sauti mbele ya wateja wake: "Katika mji huu wote nani ataununua huo mzigo ila mimi? Ngamia?"

Hakucheka. Aliirudisha rili kwenye soksi. "Mimi nangoja," akasema. "Hiyo kitu ilikaa na mimi miaka kumi na moja. Itangoja mtu najua bei yake."

Nikaondoka bila kuaga. Shilingi thelathini tu, jamani, na sisi wawili tuko peke yetu katika mkoa mzima.

Alhamisi, 3 Novemba

Lori la serikali limekanyaga bomu la waasi kwenye barabara ya kaskazini. Wawili wamekufa. Mmoja wao, dereva, jana alikuwa hapa ofisini akiniomba kiberiti.

Ijumaa, 4 Novemba

Naandika saa tisa mchana, mlango nimeufunga, na kalamu inaniteleza kwa jasho.

Alfajiri askari walizunguka majengo ya Wasomali. Wamepekua kila nyumba, wamechukua mbuzi, redio, visu, na wanaume thelathini na zaidi. Saa nne nikaitwa na Inspekta Gichuki. Gichuki ni mtu wetu wa kutoka bara, mchangamfu, kila Jumapili tunacheza drafti na hunifunga. Leo hakuwa mchangamfu. Macho yalikuwa mekundu, maana yule dereva alikuwa wa kijiji chao.

Mezani kwake, juu ya gazeti, ilikaa rili ya Gelle. Soksi ilikuwa chini, imekanyagwa.

"Murithi, wewe umetembea, umekaa Mombasa. Hebu niambie, hiki ni kitu gani?" Akazungusha mkono wa rili. Akagusa kidude cha mlio, ikalia trrr, na askari aliyesimama mlangoni akaruka. "Unaona? Waya wote huu, mkono wa kuzungusha, na kitu kinacholia. Vijana wangu wanasema ni mtambo wa kutegea mabomu, unakaa mbali unavuta. Mwenye kitu, unajua anasema nini? Anasema ni ya kuvulia samaki." Akapiga meza. "Msomali! Samaki! Angalau angetafuta uongo unaofanana na yeye."

Nikaitazama soksi pale chini.

"Anasema kuna mtu hapa mjini anayeijua vizuri, ameishika kwa mikono yake. Namuuliza ni nani, hamtaji. Anasema mtu huyo ana kazi ya serikali na atapata taabu, akitaka atakuja mwenyewe." Gichuki akaniangalia, si kwa kunishuku, Mungu anajua, aliniangalia kama rafiki anayetaka msaada. "Haya, wewe unaijua?"

Nikasema, "Sijui."

"Hujui ni nini, au hujawahi kuona?"

"Sijawahi kuona kitu kama hicho."

Sikuulizwa hilo la pili kwa nguvu. Nililitoa mwenyewe, kama nyongeza.

Ni ule waraka. Nimekwenda mara tatu, nimeonekana na wateja wake wote, na ningesema ningejieleza, na Lamu ingekwenda. Mtu ana mke. Gichuki ana hasira, angeniweka ndani na mimi. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 5 Novemba

Mvua. Sikula.

Jumatatu, 7 Novemba

Rukiyo ameleta maziwa. Nilidhani hatakuja tena, nikawa nimejificha chumbani nikijifanya kuvaa soksi, lakini aliita mpaka nikatoka.

"Karani, wewe naona ile kitu nyumbani kwangu. Mara tatu. Nilikupa chai. Sema kwa bolisi ni ya samaki."

"Nitaona," nikamwambia. "Mambo haya yana utaratibu wake, mama."

"Gelle natuma neno. Nasema maziwa ya karani isikatike."

Nikamuuliza kama Gelle alisema kitu kingine. Akasema hapana, hicho tu. Kikombe changu nilikimwaga nyuma ya nyumba. Hayakupita kooni.

Jumatano, 9 Novemba

Maziwa yamekuja. Mvua.

Jumamosi, 12 Novemba

Gacheri ananiuliza kwa nini wiki nzima sijatoka kuitafuta rili. Kumbe alijua tangu mwanzo! Nikamwambia nimeghairi, ghali. Akasema, "Wewe? Uache kitu kwa sababu ni ghali bila kukipigania?" Akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 16 Novemba

Leo nitaandika kile ambacho tarehe ile ya nne sikukiandika.

Mifugo na mali zinazochukuliwa na askari huuzwa kwa mnada, na orodha hupita ofisini kwetu. Leo imefika nipige taipu. Ngamia kumi na wanane, mbuzi, redio mbili. Halafu kwenye mstari wa arobaini na moja, kwa mwandiko wa askari: *chuma chenye waya, kazi yake haijulikani, shilingi tano*. Mnada ni Desemba, kabla sijaondoka. Vidole vyangu vilipiga mstari huo bila kosa hata moja.

Sasa nasema. Pale mezani kwa Gichuki, kabla ya waraka, kabla ya woga, jambo la kwanza kabisa kupita kichwani mwangu lilikuwa: mnada. Kwamba vitu hivi huishia mnadani, na mnadani hakuna atakayejua ni nini ila mimi. Ndipo nikasema sijui. Woga ulikuja nyuma, nikaufurahia kwa kuwa una heshima kidogo kuliko lile la kwanza. Mtu kafungwa na mimi natafuta punguzo. Lo, Murithi! Nimejitazama kwenye kioo cha kunyolea nikageuza uso.

Ijumaa, 18 Novemba

Gichuki alipita kuchukua mafuta ya taa. Nikauliza habari za wafungwa, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hewa. Akasema wanane wataachiwa, waliobaki watapelekwa kizuizini bara, bila kesi, na huko watu hukaa miaka. "Yule wa mtambo ndiye wa kwanza kwenye lori." Wanangoja barabara tu. Imekuwa tope, malori mawili yamekwama tangu Jumanne. Ikikauka, wanaondoka.

Basi mvua ndiyo inayomshikilia Gelle hapa.

Jumamosi, 19 Novemba

Mvua kubwa. Nimelala vizuri.

Jumapili, 20 Novemba

Mvua. Kanisani mhubiri aliomba mvua ipungue kwa ajili ya wenye nyumba za udongo. Sikuitikia amina.

Jumanne, 22 Novemba

Mvua asubuhi tu. Maziwa yamekuja. Mto umejaa, mti mzima ulipita na nyani juu yake. Maadamu inanyesha nina nafasi ya kufikiri namna nzuri ya kusema. Nitamwambia Gichuki kesho.

Jumatano, 23 Novemba

Mvua. Kesho.

Ijumaa, 25 Novemba

Mawingu, hayakutoa kitu. Nilitoka mara sita kuangalia juu, mpaka bosi akaniuliza kama nangoja ndege.

Jumapili, 27 Novemba

Gichuki alikuja na drafti. Nilimfunga mara mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Yeye hakuwa na akili ya mchezo, na mimi sikuwa na ulimi. Mara tatu nilifungua kinywa nikasema "Unajua, Inspekta," na mara tatu nikamalizia kwa habari za mbuzi.

Jumatatu, 28 Novemba

Jua.

Jumanne, 29 Novemba

Jua. Tope mbele ya ofisi limeanza kupasuka. Rukiyo ameleta maziwa. Hakuuliza kitu siku nyingi sasa. Alimwambia Gacheri kwamba malori yanaondoka Ijumaa, na kwamba ameshafunga shuka la mumewe na sukari. Gacheri akamshika mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, karani wa serikali, nyuma ya pazia.

Jumatano, 30 Novemba

Mchana nimerudi kula. Sahani yangu ilikuwa mezani, imefunikwa kama kawaida. Nikafunua. Hapakuwa na chakula, palikuwa na daftari hili, limefunguliwa kwenye tarehe kumi na sita.

Gacheri alikuwa uani, amenipa mgongo, anafua. Nilitoka mpaka mlangoni.

"Umesoma," nikasema.

"Nimesoma. Na chakula kipo, ila sitakupakulia mpaka uende."

"Lamu itapotea."

"Samaki wako ndiye anayekupeleka Lamu, si mimi." Akakamua shati langu la kazi kwa nguvu. "Karibu siku thelathini mwanamke huyo anaingia hapa na maziwa na mimi namchekea meno yote thelathini na mawili, kumbe nimelala na nani! Nenda, Murithi. Nisikuone."

Nilifika mpaka kwenye geti la kituo. Nikarudi. Naiandika hii nikiwa na njaa, na ni haki yangu.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimesema.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwa Gichuki. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yenye utangulizi. Yaliyotoka ni haya: "Kile chuma ni rili ya kuvulia samaki wa maji makuu. Ni ya Gelle. Nilikwenda kwake mara tatu kuinunua. Nilikudanganya."

Aliinuka akafunga mlango, akakaa tena.

"Ulinitazama machoni," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimefiwa na mtu wa kwetu, nikakuita wewe kwa sababu nilijua hutanidanganya. Nimemweka mtu ndani siku ishirini na saba kwa neno lako. Kwa nini?"

"Waraka," nikasema. La mnada sikulisema. Hata pale, hata leo, nilichagua lile lenye heshima.

Akaondoka, akarudi na rili na soksi, akazitupa mapajani mwangu. "Kama ni ya samaki, nionyeshe samaki. Leo. Mbele ya askari wangu. Usipotoa samaki, nawe utapanda lori."

Ufito sikuwa nao. Fundi wa baiskeli alinipa mwanzi na vipande vya mpira wa tairi vya kufungia, na hakusahau: "Hii haifungwi kwenye baiskeli?" Buchani nikaomba pafu la mbuzi la chambo, na ndoana nilikuwa nayo tangu Mombasa. Kufika mtoni, habari ilikuwa imetangulia. Wafugaji walioleta mifugo kunywa maji walisimama ukingoni, wanawake wenye madebe, askari sita, mmoja na bunduki kwa ajili ya mamba. Mto ulikuwa umeshuka lakini kwenye kona ile ya udongo mwekundu kina ni kirefu, maji yanazunguka polepole. Nikatupa. Waya ukazama wenyewe.

Kungoja mbele ya watu! Nusu saa, kisha saa nzima. Jua juu ya kichwa. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akauliza kwa Kisomali, mwingine akamjibu, wakacheka wote, na askari mmoja akanitafsiria bila kuombwa: "Anauliza kama karani ameadhibiwa." Nikamwambia amjibu kuwa ndiyo.

Ndipo rili ikalia. Trrr! Watu wakarudi nyuma, askari mmoja akalala chini kabisa. Nikataka kuvuta kwa nguvu zote, nimalize, nitoke pale. Mwanzi ukapinda, ukalia kama unavunjika, na nikasikia sauti ya Gelle masikioni: bole bole, karani, wewe nataka kushinda haraka. Nikalegeza breki. Akaenda. Alipochoka nikakunja, akaenda tena, nikaacha. Sikumbuki ilikuwa muda gani. Nakumbuka nililia, na jasho lilinisaidia kuficha.

Kambare, mrefu kama mkono wa Gichuki, mwenye masharubu, akipiga mkia kwenye tope. Yule mzee wa hina akaziba pua na kugeuka.

Gichuki alimtazama samaki, akaitazama rili. "Kumbe," akasema. Akatoa karatasi papo hapo, nikaandika juu ya goti kwamba tarehe nne Novemba nilitoa habari za uongo kwa polisi. Nikatia sahihi. Alipoikunja akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "Jumapili sileti drafti."

Gacheri alinipakulia.

Ijumaa, 2 Desemba

Malori yameondoka bila Gelle. Nami nimepata barua, fupi: uhamisho umefutwa, nitabaki Garissa mpaka nitakapojulishwa. Ile ya kwanza niliisoma mara nne. Hii mara moja imetosha.

Jumamosi, 3 Desemba

Gelle alikuja leo saa nne, mwenyewe, kwa miguu. Shati linampwaya, mabega yamebaki mifupa, na jicho lake linatoa machozi zaidi. Mkononi alishika ile soksi, rili ndani yake. Nikampa kiti. Gacheri akamwamkia, akatuacha.

"Karani. Gichuki nasema wewe ulitoa samaki mkubwa."

"Ndiyo, Gelle."

"Breki uliacha bole bole?"

"Niliacha."

"Fizuri." Akafurahi kweli, kwa muda mfupi uso wake ulifunguka kama siku ile ya kwanza. Nami, mpumbavu, nikaona mlango na nikaingia.

"Gelle, unisamehe. Nilichelewa kuja."

"Hapana. Wewe hukuchelewa. Wewe ulikuja siku ya kwanza." Alisema polepole, akichagua maneno yake ya Kiswahili moja moja. "Nyuma ya meza ya Gichuki iko mlango ya mabati. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimekaa chini. Nilisikia wewe naingia, najua kikohozi yako. Nikasema alhamdulillahi, karani amekuja. Halafu nikasikia."

Nilishika ukingo wa meza.

"Siku nyingi nilijiuliza, kwa nini? Nikasema ni woga. Woga hapana kitu, melini mimi naona wanaume wakubwa nalia kama mtoto. Halafu siku moja nikakumbuka wewe ni mtu ya bei." Akaweka soksi mezani, akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja. "Wewe ulitaka bei ishuke. Haya, imeshuka. Sitini, ulisema. Nipe sitini."

"Siitaki, Gelle. Nitakupa tisini, nitakupa mia, na rili ubaki nayo."

"Mimi nikiishika nasikia sauti yako. Chukua. Sitini."

Alisimama pale, hakuketi tena, hakuondoka. Nikaenda chumbani nikaleta mia yote. Akatoa sitini, akaiacha arobaini mezani, akazikunja zake ndani ya kofia.

Mlangoni akageuka. "Maziwa, mimi nilisema isikatike. Nilisema labda iko siku moja itakukwama hapa." Akagusa koo lake. "Rukiyo hajui kitu. Yeye nasema karani ni mtu mzuri, ametoa mume yangu. Mimi sitamwambia. Wewe mwambie."

Jumapili, 4 Desemba

Hakuna drafti. Nimeitia rili mafuta kwa sababu mikono haikuwa na kazi. Ni rili nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na bahari iko mbali.

Jumatatu, 5 Desemba

Rukiyo alikuja saa moja, anaimba njiani, amejifunga mtandio mpya. Gacheri akashika jagi, Rukiyo akamimina, akaongeza juu ya kipimo. "Hiyo ya zawadi," akasema. "Ya karani."

Gacheri aliniangalia. Sikuwa nyuma ya pazia.

"Rukiyo," nikasema, "siku ile ile walipomchukua Gelle, Gichuki aliniita akaniuliza kile kitu ni nini. Nilikijua. Nikasema sijui. Nilitaka nije nikinunue kwa mnada, rahisi."

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, ningezipokea. Aliniangalia kwanza kama mtu anayengoja sentensi iendelee. Ilipokuwa haiendelei, akaweka chombo chake chini, akamwambia Gacheri, "Samahani, walaal," yaani ndugu, akachukua jagi mkononi mwake, akayarudisha maziwa ndani ya chombo, yote, na ya zawadi. Aliliinamisha jagi mpaka tone la mwisho lilipodondoka, akaliweka kizingitini, akafunga kifuniko.

"Nabad gelyo," akamwambia Gacheri, kwaheri ya kwao. Mimi hakuniambia.

Akaenda nyumba ya pili, tukamsikia akibisha hodi. Gacheri aliliokota jagi akaliosha, ingawa halikuwa chafu. Kisha tukanywa chai ya rangi, sukari ilikuwepo.